Kasiksi ya Masisi na divai yenye povu ya Trento

Wachuuzi wa kasiksi katika milima ya Masisi wanajua sheria moja ambayo hawakuisoma katika kitabu chochote: bidoni ya kasiksi changa haifungwi kwa nguvu. Mama anayeteremka nayo sokoni huacha kifuniko kimelegea, au huziba mdomo kwa jani la mgomba lililokunjwa, ili pombe ipate kupumua njiani. Akiifunga sana, bidoni huvimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, na akija kuifungua, nusu ya biashara yake humrukia usoni. Akitumia chupa ya kioo mambo ni mabaya zaidi, maana chupa hupasuka.

Sasa wako watu wa milima mingine, mbali sana, kaskazini ya Italia, ambao hufanya kinyume kabisa. Wao hutwaa kinywaji ambacho bado kina nguvu ya kuchacha, wakakitia katika chupa nene, wakaifunga kwa nguvu zote, wakailaza gizani mwaka mmoja na nusu, miaka mitatu, pengine hata kumi. Pumzi ile ile ambayo mama wa Masisi anaiacha itoke, wao huikamata. Na kwa ajili ya pumzi hiyo chupa moja huuzwa kwa fedha nyingi. Nchi yao yaitwa Trentino, na mji wake mkuu ni Trento, ule mji ambao Wakatoliki wote wamesikia jina lake kwa sababu ya Mtaguso uliofanyika humo kati ya 1545 na 1563. Tunataka kueleza jinsi pumzi hiyo ilivyokamatwa, na kwa nini habari hii yatuhusu sisi wenye migomba. Hatuandiki ili kumsifu mlevi. Mlevi wa divai na mlevi wa kasiksi hulala katika mtaro mmoja.

Tuanze nyumbani. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado mbichi. Huchimbwa shimo, hutandikwa majani ya mgomba, ndizi hupangwa ndani na kufunikwa. Na kwa kuwa milimani kuna baridi, moto huwashwa kando ili joto na moshi viingie shimoni. Baada ya siku nne, tano au sita ndizi zimeiva zote pamoja. Humenywa, kisha hukandwa pamoja na majani magumu ya porini katika chombo kikubwa cha mti kilichochongwa kama mtumbwi. Mgeni hudhani majani hayo ni ya kuchujia tu. Sivyo. Ule ukali wa ndizi unaokausha ulimi hubaki katika majani na makapi, na maji matamu hutoka peke yake. Maji hayo hupunguzwa utamu kwa maji safi, hutiwa unga wa mtama, mara nyingi uliokaangwa kidogo, hufunikwa na kuwekwa mahali penye joto. Kesho yake yanachemka bila moto. Siku ya pili au ya tatu ni kasiksi. Ukiiacha siku chache tu zaidi, si kasiksi tena, inaelekea kuwa siki.

Kazi hiyo ni ya zamani sana. Mgomba wenyewe haukuzaliwa Afrika. Asili yake ni nchi za kusini-mashariki ya Asia. Lakini ulipofika katika nchi za maziwa makuu, wakulima wetu waliuchagua na kuuzidisha vizazi kwa vizazi, hata wakapata aina nyingi za ndizi za milimani ambazo hazipatikani Asia. Huko Walikale, kati ya Banyanga, mgomba umeingia hata katika hadithi kuu ya kabila. Mwaka 1956 msimulizi aitwaye Candi Rureke alimsimulia mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck habari za shujaa Mwindo, akamaliza siku kumi na mbili akiimba na kusema. Biebuyck na Kahombo Mateene walizichapisha mwaka 1969. Humo Mwindo, akimwinda baba yake katika nchi ya chini, anapewa na Muisa kazi isiyowezekana: alime shamba la migomba siku hiyo hiyo. Na vyombo vyake vinalima vyenyewe. Kama wazee wangetafuta kipimo kingine cha ushujaa wangekipata, lakini walichagua shamba la migomba, kwa kuwa wote waliosikiliza walijua jasho lake.

Baadaye, kati ya 1937 na 1955, serikali ya Wabelgiji ilileta familia nyingi kutoka Rwanda kukaa Masisi, kwa mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Watu hao walitoka katika nchi ambako pombe ya ndizi yaitwa urwagwa. Kuna mambo mengi yaliyowagawanya wakaaji wa Masisi tangu siku zile, na mengine yamemwaga damu. Lakini namna ya kukamua ndizi ni moja, na aonjaye hawezi kutambua ni mikono ya nani iliyokamua.

Je, pumzi hiyo inayovimbisha bidoni ni kitu gani? Kwa maelfu ya miaka wanadamu walitengeneza pombe bila kujua. Ni Mfaransa Louis Pasteur aliyeonyesha wazi, katika kazi zake za tangu 1857, kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, yaani hamira. Hamira hula sukari, na kutoka sukari hiyo hutoa vitu viwili: kileo, na hewa iitwayo kabonidioksidi. Katika kasiksi hamira hutoka katika unga wa mtama, katika maganda ya ndizi na katika chombo chenyewe ambacho hakikuoshwa kikakauka kabisa. Katika divai hukaa juu ya ngozi za zabibu na katika vyombo vya ghalani. Viumbe hivi ni jamaa moja, na kazi yao ni moja.

Hewa hiyo watu wa Sake na wa Goma wanaijua kwa jina lingine: ni ile ile ya mazuku. Hutoka ardhini karibu na milima ya moto, Nyiragongo na Nyamulagira. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hulala katika mabonde madogo na mashimo, na mbuzi au mtoto akishuka humo asubuhi pasipo upepo, hufa bila kelele. Huko Ulaya nao, waliofanya kazi katika maghala ya divai walishika mshumaa uliowashwa. Mwali ukizimika, walirudi nyuma mbio. Na Ziwa Kivu lenyewe, katika kina chake kinachofika meta 485, limeshika karibu kilometa za ujazo 300 za hewa hii pamoja na karibu 60 za methani. Kitu kinachoizuia isitoke ni uzito wa maji yaliyo juu yake. Kwa maneno mengine, watu wa Kivu wanakaa kando ya chupa kubwa kuliko zote duniani, nayo haina kizibo isipokuwa maji yake yenyewe.

Twende sasa Ulaya. Hadithi ya divai yenye povu haikuanzia Trento, ilianzia Ufaransa, nayo ilianza kama kosa. Nchi ya Champagne ina baridi kali. Zabibu zilivunwa mwishoni mwa joto, divai ikaanza kuchacha, na kabla haijamaliza baridi ikailaza hamira usingizi. Watu wakadhani divai imetulia. Joto liliporudi hamira iliamka, ikala sukari iliyobaki, na divai ikaanza kutoa povu. Wenyewe walichukizwa. Divai nzuri, walisema, ni divai iliyotulia.

Yasemekana mahali pengi kwamba mmonaki Mbenedikto, Dom Pierre Pérignon, ndiye aliyevumbua divai yenye povu. Si kweli. Yeye alitunza ghala la monasteri ya Hautvillers tangu 1668 hata kufa kwake 1715, na sifa yake ni kuchagua zabibu na kuzichanganya kwa akili. Povu alijitahidi kulizuia. Yale maneno mazuri anayowekewa kinywani, kwamba aliwaita wenzake waje waone anakunywa nyota, yalienezwa na matangazo ya biashara muda mrefu baada ya kufa kwake. Mmonaki huyo ana sifa zake za kutosha, hahitaji kuongezewa.

Waliolipenda povu mapema walikuwa Waingereza. Tangu 1615 mfalme wao alikataza kuchoma kuni katika tanuru za kioo, ili miti ibaki kwa ajili ya merikebu. Mafundi wakalazimika kutumia makaa ya mawe, yenye moto mkali zaidi, na kioo chao kikawa na nguvu kuliko cha Ufaransa. Katika Desemba 1662 tabibu mmoja, Christopher Merret, aliwasomea wataalamu wa Royal Society ya London karatasi iliyosema kwamba wauza divai wa siku zile waliongeza sukari katika divai za kila namna ili zichangamke na kutoa povu. Hiyo ndiyo siri yote: sukari kidogo, kizibo, na chupa isiyopasuka.

Lakini chupa zilipasuka. Zilipasuka miaka mia na zaidi. Chupa moja ikilipuka iliwavunja majirani zake, hao nao wakavunja wengine, na mtu aliyeshuka ghalani majira ya joto alivaa kinyago cha chuma kama askari. Watengenezaji walihesabu hasara hiyo mapema kama mkulima anavyohesabu ndizi zitakazoibwa na nyani. Hakuna aliyejua kiasi cha sukari kinachofaa, hata miaka ya 1830, wakati mfamasia wa mji wa Châlons, Jean-Baptiste François, alipoeleza jinsi ya kukipima. Hesabu yenyewe, kama inavyojulikana leo, ni nyepesi: gramu 4 za sukari katika lita moja ya divai iliyofungwa huleta nguvu ya angahewa 1, gramu 24 huleta 6. Gurudumu la motokaa ndogo hujazwa kiasi cha 2 na kitu. Basi chupa ya divai hiyo imebana nguvu mara mbili na zaidi ya gurudumu.

Ikabaki shida ya mashapo. Hamira ikimaliza sukari hufa na kuzama, na divai huchafuka. Ukifungua chupa ili uyatoe, pumzi nayo hutoka. Aliyepata njia alikuwa mwanamke, Barbe-Nicole Ponsardin, aliyefiwa na mumewe Clicquot mwaka 1805 akiwa na miaka 27, akaishika biashara mwenyewe. Karibu na 1816 yeye na mafundi wake walitoboa meza matundu, wakatia chupa humo kichwa chini, wakazizungusha kidogo kidogo kila siku kwa majuma kadhaa. Mashapo yakateremka yote, yakakaa juu ya kizibo. Ndipo fundi huifungua chupa kwa wepesi: nguvu ya pumzi yatupa mashapo nje, divai safi inabaki, chupa hujazwa palipopungua na kufungwa tena kwa kizibo kipya. Mpaka leo kazi ni hiyo, ijapokuwa mahali pengi mashine yazungusha badala ya mikono, na shingo ya chupa hugandishwa kwanza ili mashapo yatoke kama kipande cha barafu.

Tumekaa Ufaransa muda mrefu, kwa sababu Trento haikuvumbua lolote katika hayo. Na hapo ndipo tunapoona jambo la kufikiri. Trento ilikuwa nchi ya milima yenye wakulima wadogo, mabonde membamba na mashamba yanayoning'inia kama yale ya Masisi, wala hapakuwa na jina kubwa la divai. Huko, katika kijiji cha Calceranica, alizaliwa mwaka 1879 Giulio Ferrari. Wakati ule nchi yao ilikuwa chini ya Kaisari wa Austria. Alisoma katika shule ya kilimo ya San Michele all'Adige, iliyofunguliwa 1874 katika majengo ya zamani ya monasteri ya Waagustino; mkuu wake wa kwanza alikuwa mtaalamu Edmund Mach. Kutoka hapo alikwenda Montpellier, kisha Épernay katikati ya Champagne, akafanya kazi humo ghalani.

Watu wengi waliotoka vijijini na kufika Champagne waliona mali na majumba. Ferrari aliona kitu kingine: zabibu nyeupe ya Chardonnay, ambayo kwao ilikuwa karibu haijulikani, na baridi. Divai yenye povu haitaki zabibu zilizoiva hata zikawa tamu kabisa. Yataka zabibu zenye uchachu bado. Champagne hupata uchachu huo kwa kuwa iko kaskazini. Kwao Trento, alikumbuka, mchana jua huwaka juu ya mabonde, lakini usiku upepo hushuka kutoka vilele na kuzipoza zabibu. Kile ambacho Wafaransa walipewa na kaskazini, mlima waweza kukitoa. Akarudi nyumbani na miche yake, na mwaka 1902 akaanza kutengeneza divai yake mjini Trento, chupa chache sana, kila moja ikiangaliwa na macho yake.

Leo mizabibu ya divai hiyo hupandwa tangu meta 200 hivi juu ya bahari mpaka zaidi ya 700, na mashamba mengi yana mteremko ambao trekta haliwezi kuukwea. Mkulima wa Masisi, ambaye hulima juu zaidi ya hapo, atacheka kidogo kusikia wanaiita milima. Lakini wao wako mbali na mstari wa Ikweta, na meta 700 za kwao zina theluji.

Hapa kuna jambo dogo la historia ambalo latupendeza kulisimulia, maana hukutanisha nchi hizi mbili pasipo wenyewe kujua. Baada ya vita kuu ya kwanza mataifa yalikusanyika katika mji mdogo karibu na Paris uitwao Saint-Germain-en-Laye. Tarehe 10 Septemba 1919 Austria ilitia sahihi mkataba ulioiacha Trento mikononi mwa Italia. Siku ile ile, katika mji ule ule, mataifa yenye makoloni, Ubelgiji ikiwamo, yalitia sahihi mkataba mwingine juu ya biashara ya vileo katika Afrika. Mkataba huo ulikataza kuingiza pombe kali za biashara katika sehemu kubwa ya Afrika, na ulikataza pia kutengeneza humo pombe za kukeneka. Ndiyo maana lutuku ilifichwa porini wakati wote wa Wabelgiji. Pombe ya kuchacha tu, kama kasiksi, haikuguswa na katazo hilo. Basi kalamu za siku moja zilimpa Ferrari serikali mpya, na zikatenga katika milima yetu kasiksi na lutuku kwa sheria.

Ferrari hakuwa na mtoto. Mwaka 1952 aliiuza kazi yake kwa Bruno Lunelli, mwenye duka la divai mjini Trento. Wakati ule zilitoka chupa zisizozidi elfu kumi kwa mwaka. Nusu karne ya kazi, na hazikuzidi hapo, kwa sababu mzee hakukubali kuharakisha. Hata baada ya kuuza aliendelea kushuka ghalani mpaka kufa kwake 1965. Wana wa Lunelli waliongeza wingi, lakini subira ya mzee hawakuitupa: sehemu ya mavuno ya 1972 waliilaza miaka 8, wakaitoa mwaka 1980 kwa jina la Giulio Ferrari. Wakati huo wengine wa bonde lile walikuwa wamekwisha kumfuata. Mwaka 1984 watengenezaji waliunda chama chao, na mwaka 1993 serikali ya Italia iliwapa ulinzi wa jina: hakuna anayeruhusiwa kuiita divai yake Trento asipotumia zabibu za nchi ile, zilizovunwa kwa mkono, na asipoiacha divai ichache mara ya pili ndani ya chupa ile ile itakayouzwa. Yapaswa kulala na mashapo yake miezi 15 angalau. Ile iliyoandikwa mwaka wa mavuno, miezi 24. Na ile iitwayo riserva, miezi 36.

Mwaka huo huo wa 1993, mwezi wa Machi, mauaji yalianza katika soko la Ntoto, huko Walikale, yakaenea upesi Masisi yote. Watu wengi waliuawa, na wengi zaidi walikimbia. Tangu hapo milima yetu haijapata amani ya kudumu.

Tunayaweka mambo hayo mawili karibu kwa kusudi. Watu husifu divai ya Trento kwa udongo wake, kwa jua na upepo. Hayo yote ni kweli, lakini udongo wa Masisi, uliotokana na majivu ya milima ya moto, haushindwi na udongo wa nchi yoyote. Kitu ambacho riserva inakitaka kuliko udongo ni miezi 36 ambayo mwenye ghala hatakimbia, wala askari hawatavunja mlango. Mtu awezaye kufukuzwa nyumbani juma lijalo hatengenezi kinywaji cha miaka mitatu. Hutengeneza cha siku tatu. Kasiksi si pombe ya watu wasiojua subira. Jibini ya Masisi, ambayo hukandwa kwenye vilima vile vile na kuuzwa Goma hata Kinshasa, yaonyesha kwamba watu hawa wanajua kuacha kitu kikomae, wakiachwa.

Na asidhani mtu kwamba Trento haikuonja vita. Tangu 1915 hata 1918 mpaka wa Italia na Austria ulipita juu ya milima ile. Makumi ya maelfu ya wakaaji waliondolewa vijijini wakapelekwa kambini mbali, na waliporudi walikuta mashamba yamechimbwa mahandaki. Walipanda upya. Tofauti ni kwamba vita vyao viliisha.

Lakini iko hatari nyingine, isiyobeba bunduki. Mwaka 1863 mizabibu ya kusini ya Ufaransa ilianza kukauka bila sababu ya kuonekana. Ilikuwa kazi ya mdudu mdogo kutoka Amerika, filoksera, anayenyonya mizizi. Mwaka 1868 wataalamu, kati yao Jules Planchon wa Montpellier, walimwona na kumtaja. Katika miaka iliyofuata mizabibu ya Ulaya iliharibika nchi kwa nchi, na dawa zote zilishindwa, hata walipopandikiza mzabibu wa Ulaya juu ya mzizi wa mzabibu wa Amerika, ambao mdudu hauwezi. Ferrari alisomea Montpellier, mji ule ule uliopigana vita hivyo. Alijua kabla ya kutengeneza chupa ya kwanza kwamba ghala lote husimama juu ya mzizi.

Mdudu wa migomba ni bakteria. Ugonjwa wake ni mnyauko: majani hugeuka rangi ya manjano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizikata ndani ni nyeusi-nyeusi, shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Ulijulikana kwanza Ethiopia, mwaka 1968 katika mmea wa ensete na mwaka 1974 katika migomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka ule ule ukaonekana katika Kongo, huko Masisi. Kutoka vilima vya Masisi ulishuka na kuenea Kivu. Na mwovu huyu hupenda hasa ndizi za pombe. Nyuki na wadudu wengine hunywa utomvu penye makovu ya maua ya ua dume, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, wakauchukua ugonjwa hadi shamba jingine. Na aina fulani za ndizi za pombe hudondosha maua hayo upesi, zikaacha makovu wazi. Panga nalo hueneza: ukikata majani ya mgomba mgonjwa, kisha ya mzima, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako.

Mwanzoni wakulima waliambiwa wang'oe shina lote pamoja na machipukizi yake, yote, na kuacha ardhi tupu kwa miezi. Mashauri hayo yalikuwa ya kweli lakini mazito. Mjane mwenye mashina ishirini, ambayo ni chakula chake na ada ya shule ya watoto, atang'oaje? Wengi hawakung'oa, na hatuwezi kuwalaumu. Baadaye wataalamu walivumbua kwamba bakteria mara nyingi haifiki katika machipukizi yote ya shina moja. Ndipo yakaja mashauri mepesi zaidi, yaliyojaribiwa hapa Kivu: kata mgomba ulioonyesha dalili tu, usawa wa ardhi, mara uonapo, usingoje, pitisha panga motoni kabla ya kugusa mwingine, na ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara kichane cha mwisho kinapotokea. Palipofanywa hivyo bila kuchoka, mnyauko ulipungua sana na mashamba yakazaa tena.

Gharama ya kazi hiyo ni ndogo: moto, kijiti, na macho. Lakini yataka mtu apite shambani kila juma, mwaka mzima, na majirani zake wote wafanye vivyo hivyo, maana nyuki hawaulizi mpaka. Katika vijiji ambavyo watu wamekimbia na kurudi mara tatu, mara nne tangu 1993, migomba mara nyingi husimama peke yake miezi mingi, na ua dume huning'inia bila mtu wa kulivunja.